Lango Asilolivuka Obiero

Mguu wa kulia wa Mzee Obiero tuliuacha hewani wiki nzima, na wasomaji wengine wamenilaumu kwamba nimemchosha mzee wa watu. Haya, leo unashuka. Lakini haukushukia ndani ya boma la mkwewe. Ulirudi nyuma ulikotoka, kwa sababu ya ile sauti.

"Rudisha mguu, Baba Perez! Ukivuka hiyo lango unaua mtoto!"

Aliyepiga kelele alikuwa Dorca, mama yake Dalmas. Alikuja mbio kutoka kwenye nyumba ya msiba, leso imemteleza kichwani, na kifuani amekumbatia kitu kilichofunikwa shali. Akasimama ndani ya lango. Obiero akabaki nje. Kati yao palikuwa na hatua mbili tu.

"Mtoto gani?" Obiero aliuliza. "Mtoto wangu si amekufa?"

"Perez amekufa. Huyu hajakufa."

Akafunua shali. Ndani mlikuwa na uso mdogo mwekundu, macho yamefumbwa, mdomo unatafuta ziwa lisilokuwepo.

Hakuna aliyekuwa amemwambia Obiero. Habari iliyofika Kaloleni mjini ilikuwa fupi: binti yako amefariki akijifungua, njoo Kombewa. Mzee wa watu alipanda basi la alfajiri akijua anakwenda kuzika watu wawili.

"Ni kijana," Dorca alisema. "Amezaliwa njiani. Na wewe unajua ile kitu ulisema."

Alijua. Kombewa nzima ilijua, na nusu ya Kaloleni.

Kwa msomaji aliyefungia samaki gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, nitasema kwa ufupi. Obiero ni fundi wa baiskeli pale Kaloleni, mzee wa kanisa, na mtu wa Dume, chama kipya cha upinzani. Dalmas, mume wa binti yake, ni mtu wa Jogoo, chama cha serikali, tena si wa kunong'ona. Ndiye anayekaa juu ya lori la kampeni na kipaza sauti, na sauti yake inajulikana kutoka Kombewa mpaka ufukweni. Mwaka huu wa sitini na sita wabunge waliohama chama wamerudishwa kwa wananchi wakaombe kura upya, na nyumba zilizokuwa zikiombana chumvi sasa hazisalimiani.

Siku moja Dalmas alikwenda kumwamkia baba mkwe kibandani kwake. Wakaanza na habari za mvua, wakaingia siasa. Dalmas akasema mwenye kuuma mkono wa serikali atalala njaa. Obiero akasema heri njaa kuliko kula umepiga magoti. Mmoja akamwita mwenzake kibaraka, mwingine akamwita mwenzake mzee aliyechoka akili. Mkwe na baba mkwe, jamani! Watu ambao kwa desturi hata kutazamana machoni ni shida!

Obiero akatoka nje, akaokota udongo, akaapa: "Kaburi la mama yangu linifungukie siku nitakapokanyaga boma lako." Na Dalmas, kwa damu ya ujana, akajibu kwa kiapo chake: mke wake hatakunywa tena maji katika nyumba ya Obiero.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ile vidole vyao vya miguu vilikuwa vizima kabisa.

Kiapo cha namna hiyo Wajaluo hawakichezei. Mtu akikivunja kabla hakijamezwa kwa dawa, chira humfuata, na laana hiyo haina haki hata kidogo. Humwacha mwenye kosa akanenepa, ikamla mtoto.

"Mimi ni mzee wa kanisa," Obiero alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu. "Mambo ya chira sisi tuliacha."

"Basi vuka," Dorca akamwambia. Akamwinulia mtoto mbele ya uso. "Vuka, mimi nikiwa nimemshika hivi."

Obiero hakuvuka.

Nyuma yake alisimama rafiki yake Wabwire, Msamia anayefua karai na taa za bati jirani na kibanda chake Kaloleni. Siku ya kiapo Wabwire alikuwepo, akasikia yote, na kila mara amejilaumu kwamba hakumziba mzee mdomo kwa kiganja. Sasa akapata wazo.

"Kwani shida iko wapi?" alisema. "Mzee anataka tu kuona uso wa mtoto wake. Leteni jeneza hapa langoni. Aone, aombe, mrudishe."

Wanawake waliokuwa karibu wakashika vichwa. "Uwi! Huyu ametoka wapi?"

Mzee Ouma, mkubwa wa ukoo wa Dalmas, alikuja akiegemea fimbo yake, akamtazama Wabwire kwa huruma. "Bwana, kwenu mnafanya hivyo?"

"Kwetu tungetafuta njia, Mzee."

"Hapa maiti akishaingia kwake hatoki tena. Ukimtoa langoni unamwambia hana nyumba. Huyu ni mke wa boma hii. Atalala kushoto ya nyumba yake, na kaburi karibu linaisha kuchimbwa."

Kweli, sauti ya majembe ilikuwa ikisikika. Udongo wa Juni ni laini, wachimbaji hawachelewi.

"Kwa hivyo mtoto wangu anazikwa mimi nikiwa barabarani," Obiero alisema. "Kama mpita njia."

Ouma alichora mstari mchangani kwa fimbo. "Naweza kupika manyasi. Ile mizizi ya kumeza kiapo ninayo. Lakini midomo miwili iliapa, na midomo miwili lazima inywe, kibuyu kimoja. Ukinywa wewe peke yako, ni sawa na bure. Dalmas akikubali, utaingia."

"Mwiteni."

Akatumwa mtu. Kila mmoja pale langoni alitazama mlango wa nyumba ya msiba. Mtu akarudi peke yake, anaangalia chini.

"Amesema nini?" Dorca aliuliza.

"Amesema Mzee akae hapo nje na kiapo yake. Amesema kama Perez angekaa Kaloleni, karibu na hospitali kubwa ya mji, angekuwa hai."

Obiero alinyoosha kidole kuelekea nyumba ya msiba. "Na nani alimkataza kuja Kaloleni? Si yeye? Si yeye alisema mke yake hatakunywa maji kwangu?"

Ouma alikwenda kupika dawa hivyo hivyo. Alisema chungu kikichemka, hata mkaidi husikia harufu.

Basi wakangoja. Na mnajua watu wetu wakingojea jambo msimu huu wa kura. Hata kwenye matanga ulimi unawasha. Wanaume walikaa kando ya ua wa minyaa, na moto wa siasa ukawashwa na mvuvi mmoja mwenye kofia ya majani.

"Mimi nasema tu," alianza. "Hii barabara ingekuwa na lami, huyu mama angefika. Na lami inaletwa na nani? Inaletwa na serikali. Sasa nyinyi mnataka kupigia Dume, Dume ana lami?"

"Sitini na tatu tulipigia Jogoo," akajibu mwalimu aliyevaa suti nyeusi yenye jasho. "Lami iko wapi? Tuonyeshe, tukalale juu yake."

"Miaka tatu ni nini? Hata mtoto wa miaka tatu bado anajikojolea."

"Lakini huyo mtoto wenu anakula kama mtu mzima!"

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka walipo, wakakohoa.

"Na wewe jamaa wa karai?" mvuvi alimgeukia Wabwire. "Wewe kura yako ni ya nani?"

"Kura yangu iko kwetu Samia."

"Wacha ujanja. Kama ungekuwa unapiga hapa?"

Wabwire alimtazama Obiero, aliyekaa peke yake juu ya jiwe, uso kwenye viganja. "Ningempa yule atanirudishia siku moja tu," alisema. "Ile siku hawa wawili waligombana. Waanze na habari ya mvua tena, na waishie hapo."

Mwalimu akavua miwani akaipangusa. Mvuvi akavua kofia. Siasa ikaishia hapo, na kwa mara ya kwanza tangu kampeni zianze, nadhani, watu wa Jogoo na watu wa Dume walinyamaza pamoja.

Katika kimya hicho ndipo waliposikia Obiero analia. Mzee mzima analia kwa sauti, bila kujifunika. Niseme kweli, kuna vilio vinavyokera na kuna vilio vinavyokata maini, na hiki kilikuwa cha kukata maini. Kiliingia bomani, kikapita kati ya wanawake, kikafika mlangoni.

Dalmas akatoka.

Alikuwa na shati lile lile alilovaa juu ya lori, lenye picha ndogo ya jogoo mfukoni. Nadhani hakujua kama amelivaa. Alitembea mpaka langoni, akasimama ndani, mikono nyuma, macho chini kama mkwe anavyopaswa kusimama mbele ya baba wa mke wake. Adabu ilirudi, imechelewa.

"Baba," alisema. "Lete hiyo dawa tunywe. Perez asizikwe baba yake akiwa nje."

Ouma akaleta kibuyu. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawia, machungu hata kwa kunusa. Akasimama katikati ya lango, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

"Desturi ni moja," alisema. "Mtu hamezi kiapo na uongo ndani ya tumbo. Kama kuna neno mnaficha juu ya huyu marehemu, semeni sasa. Dawa ikikuta neno limejificha, inageuka sumu. Mzee, wewe kwanza."

Obiero aliutazama ule mstari wa fimbo mchangani.

"Perez alikuja kwangu," alisema hatimaye. "Alikuja kibandani, tumbo ikiwa kubwa. Hakuingia, kwa sababu bwana yake alikuwa ameapa. Alisimama nje juani. Akaniambia, Baba, meza hayo maneno yenu, nataka kuja kuzaa karibu na wewe, naogopa."

Akainua mikono kana kwamba bado ameshika spana.

"Nilikuwa nanyoosha rimu ya baiskeli. Sikuinua kichwa. Nikamwambia, kaulize Jogoo akupe kitanda." Alijipiga kifuani. "Alisimama hapo mpaka nikamaliza ile gurudumu. Alidhani nikimaliza nitasema kitu ingine. Nikachukua gurudumu ingine. Hata kiti sikumpa. Hata kiti, watu wangu!"

Dorca aligeuza uso. Dalmas naye machozi yalikuwa yakimtoka bila kuyapangusa.

"Na mimi aliniambia," Dalmas alisema. "Alirudi akaniambia vile ulimjibu, nikacheka. Nikamwambia, si unaona baba yako? Nilifurahi, Baba. Nilikuwa nimekushinda." Sasa akapangusa uso kwa mkono. "Aliniomba nimruhusu aende kwa mama yake mdogo huko Nyalenda, si kwako, Nyalenda tu. Nikasema baada ya kura. Kila kitu nilikuwa nasema baada ya kura."

"Hiyo ndiyo yote?" Ouma aliuliza.

"Hiyo ndiyo yote."

Obiero akapokea kibuyu kwa mikono miwili. Akanywa, akakunja uso, akameza. Wanawake wakashusha pumzi. Kibuyu kikavuka lango, kikaingia mikononi mwa Dalmas. Akakiinua. Ukingo ukagusa mdomo.

"Usinywe!"

Alikuwa Dorca tena.

"Mama, nini?"

"Usinywe. Kuna neno halijasemwa, na mimi ndiye nimelificha." Alimkabidhi mwanamke wa karibu mtoto, kisha mara hiyo hiyo akamchukua tena, kana kwamba bila yeye asingeweza kusimama. "Nilitaka kufa nayo. Lakini Ouma amesema dawa itakuwa sumu, na mimi sina mtoto mwingine."

"Sema, Mama."

"Nilikuambia tulipitia njia ya mashambani. Sio kweli. Tulimbeba Perez kwa machela kwa barabara kubwa. Mtoto alikuwa ametoka tayari, lakini damu ilikataa kusimama. Tukafika pale daraja. Tukasikia gari."

Dalmas akashusha kibuyu.

"Ilikuwa lori," Dorca aliendelea. "Wanawake wote tukaingia katikati ya barabara. Tukainua mikono. Mimi nilikuwa mbele, nimejifunika leso kwa sababu ya mvua. Tulipiga kelele simama, simama, lakini ile spika ilikuwa inaimba, hakuna mtu alisikia. Lori ikapunguza mwendo. Nikasema, asante Mungu. Halafu nikasikia sauti kwa spika."

"Mama, nyamaza," Dalmas alinong'ona.

"Ilisema, dereva kanyaga. Kanyaga, hawa ni watu wa Dume, wanataka kutupiga mawe. Tukaruka kando. Machela ikaanguka." Dorca hakulia. Alikuwa amekwisha kulia peke yake. "Mimi nilikuzaa, Dalmas. Sauti yako naijua kabla hujajua kusema."

Na hapa, msomaji, usiwe mwepesi kumtupia jiwe la kwanza. Siku moja kabla ya hapo, pale pale darajani, lori lile lilikuwa limepigwa mawe kweli, na kioo kikamchana dereva shavu. Msimu huu mikono ikiinuliwa barabarani hakuna anayeuliza ni ya nini. Mtu huona adui kwanza, binadamu baadaye. Dalmas aliona kundi, mvua, mikono, daraja lile lile. Hakuona machela. Hakumwona mama yake. Kosa kama hilo lingefanywa na yeyote kati ya wale wanaume waliokuwa wakibishana kando ya ua, na wao walilijua, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumtazama.

Kibuyu kilimponyoka Dalmas. Kikaanguka chini, kikabingirika hadi kando ya lango, dawa ikamwagika, mchanga ukainywa.

Ouma alipiga kelele, "Toba!" lakini sauti yake haikusikika, kwa maana wakati huo huo honi ililia barabarani.

Lori lilikuwa limefika. Lile lile.

Limepambwa matawi mabichi, bendera imeshushwa nusu kwa heshima ya msiba, na nyuma limebeba magunia ya unga na sukari. Waliokuja hawakujua lolote. Walikuja kumpa pole mwenzao, na kama ilivyo ada siku hizi, kuomba kura kidogo juu ya pole. Watu wakapisha, lori likapita langoni, karibu limguse Obiero bega. Gari likaingia mahali baba wa marehemu hawezi kuingia! Likasimama uwanjani, hatua chache kutoka kwenye jeneza lililokuwa limetolewa nje ya nyumba.

"Wananchi wa Kombewa, poleni sana!" spika ilinguruma. "Mheshimiwa wetu anasema yuko pamoja nanyi katika msiba huu. Na sasa tunamwomba ndugu yetu Dalmas, mwenye machungu, apande aseme neno."

Dalmas alikwenda. Alitembea kana kwamba aliyeitwa ni mtu mwingine kabisa. Akapanda, akapokea kipaza sauti. Mkono wake ulikizoea, ukakishika vizuri wenyewe.

"Wananchi," alisema.

Sauti ile nzuri. Sauti iliyojaza viwanja. Ikatoka bomani, ikapanda kilima, nadhani hata ziwani waliisikia.

"Mimi ni Dalmas. Wengi mnanijua kwa sauti. Mke wangu Perez alibebwa na wanawake mpaka daraja, akihitaji gari. Gari ilikuja. Ni hii. Mimi nilikuwa hapa, mahali nimesimama sasa. Mimi ndiye nilisema dereva kanyaga."

Watu wakatazamana. Dereva akatoa kichwa dirishani, mdomo wazi.

"Sikujua ni yeye. Lakini nilijua ni watu. Nilijua ni watu, wananchi, nikasema kanyaga. Kwa hivyo msinipe pole."

Mwanamke mmoja akapiga ukunga. Kisha kutoka upande wa ua, kijana mmoja wa ukoo wa Perez, aliyefika nyuma ya Obiero kwa basi lile lile, akainama. Alipoinuka alikuwa na jiwe.

Jiwe la kwanza lilipiga ubavu wa lori. La pili lilimpata Dalmas begani. Hakukwepa. La tatu lilimpasua juu ya jicho, damu ikashuka kwenye shati, ikafunika yule jogoo mdogo wa mfukoni. Dalmas aliteremka kutoka juu ya lori, akapiga magoti kando ya jeneza, akaachilia mikono. Alikuwa anangoja. Alitaka wamalize.

"Muacheni!" Dorca alilia. "Jameni, muacheni!"

Hakuna aliyemwacha. Watu wa Dume walikuwa wameokota mawe, na ajabu ya dunia, wa Jogoo pia walikuwa wameokota. Hasira haina kadi ya chama.

Ndipo Wabwire aliponyoosha mkono kumshika Obiero bega, na mkono ukashika hewa.

Mzee hakuwa pale.

Alikuwa anakimbia. Mzee ambaye tangu asubuhi hakuweza kuinua mguu mmoja alikuwa anakimbia na yote miwili, koti linapepea, kofia imeanguka. Alipita langoni. Alipita juu ya mchanga uliolowa dawa. Alimfikia mkwewe, akajitupa juu yake, akamfunika kwa kifua chake na mikono yake ya fundi, na jiwe lililokuwa njiani likamwishia yeye mgongoni.

"Mtoto wangu mmoja amekwisha kufa!" alipaza sauti. "Mmoja tu anatosha! Mwenye jiwe atupe hapa!"

Mawe yakashushwa moja moja. Yalianguka chini bila kishindo.

Dalmas alikuwa ameshika koti la mzee kwa ngumi mbili, analia kwa kwikwi kama mtoto mdogo. "Baba, nisamehe." Na Obiero akimpapasa kichwa chenye damu, anamwambia kwa Kijaluo maneno ambayo baba huyasema kwa mwanawe wa kumzaa. Kando yao, karibu sana kiasi cha kuguswa, ulikuwa uso wa Perez, kifuniko bado hakijapigiliwa misumari. Obiero akauona hatimaye. Akanyoosha kidole, akamgusa shavu.

"Nimekuja," alimwambia. "Nimekuchelewea, nyathina, mtoto wangu, lakini nimekuja."

Watu walikuwa wanalia waziwazi, na mwandishi wenu haoni haya kusema naye machozi yalimtoka akiandika hapa.

Aliyekumbuka kiapo kwanza alikuwa Wabwire, mgeni. Alikuwa bado nje ya lango, na macho yake yalikuwa chini, kwenye kibuyu kilicholala ubavu. Tone moja lilining'inia mdomoni mwa kibuyu, likadondoka.

Mmoja alikuwa amekunywa. Mwingine hakunywa. Na mguu umevuka.

Wabwire akainua macho polepole, akamtafuta Ouma. Ouma naye alikuwa akiutazama mchanga. Wote wawili kwa pamoja wakageuka kumtazama Dorca.

Dorca hakuwaona. Alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, shali limefunuliwa, na sikio lake ameliweka kwenye kifua cha mtoto. Alilibonyeza zaidi. Akamtikisa kidogo, akasikiliza tena.

"Nyamazeni," aliwaambia watu waliokuwa wakilia. "Nyamazeni wote, tafadhali. Sisikii."